Muwati: Mgeni wa Siku ya Tatu

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Juma hili twataka kuzungumza habari za mgeni mmoja ambaye siku zake za ugeni zilikwisha zamani, wala hakuna aliyemkabidhi jembe. Basi amejitafutia kazi mwenyewe, nayo ni kuenea katika shamba la mwenyeji wake. Mgeni huyo ni mti. Watu wa Njombe na wa Lushoto wauita muwati, Wakikuyu wauita muthanduku, na wataalamu wa mimea wauita Acacia mearnsii.

Wako wasomaji watakaoshangaa. Watasema, gazeti la chama lina habari gani na miti, wakati mbolea ni ghali na barabara ni mbovu? Twawajibu hivi. Mwananchi aliye kijijini hapimi uhuru wake kwa hotuba zetu. Aupima kwa maji yaliyobaki mtoni mwezi wa Oktoba, kwa majani wanayokula ng'ombe wake, na kwa mwendo anaokwenda mama wa nyumba hiyo kutafuta kuni. Muwati umeingia katika mambo yote matatu. Katika kuni umemsaidia sana, na atakayekana hilo ni mwongo. Katika maji na malisho wamnyang'anya. Mtu akipewa kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mkono wa pili, chama chake hakina haki ya kunyamaza.

Kwanza tuondoe kosa moja. Mtu akisikia neno akasia hukumbuka migunga yetu yenye miiba, ile ya Serengeti na ya Dodoma, ambayo twiga huila na wachungaji hujikinga jua chini yake. Migunga hiyo ni wenyeji kama sisi, nayo hatuigombezi. Muwati hauna mwiba hata mmoja. Majani yake ni membamba kama unyoya wa ndege, maua yake ni ya manjano hafifu yenye harufu nzuri, na asili yake ni kusini-mashariki ya Australia pamoja na kisiwa cha Tasmania.

Katika jambo hili la jina yako mambo ya kuchekesha na ya kuudhi pia. Jina Acacia lilitolewa tangu zamani kwa mgunga wa bonde la Nile, yaani mti wa Afrika. Mwaka 2005 wataalamu wa mimea wa dunia walikutana Vienna wakaamua kwamba jina hilo lihamie kwa miti ya Australia, kwa kuwa huko ndiko aina zilikozidi kwa wingi, karibu elfu moja. Wataalamu wengi wa Afrika walipinga. Mwaka 2011 mkutano ulifanyika tena, safari hii katika mji wa Melbourne, Australia kwenyewe, na uamuzi ukathibitishwa. Tangu hapo migunga yetu yaandikwa vitabuni Vachellia na Senegalia. Sisi hatutakwenda vitani kwa ajili ya Kilatini. Mgunga kwetu ni mgunga. Lakini ni vema wananchi wajue kwamba hata jina la mti hupigiwa kura, na asiye na kura za kutosha hurudi nyumbani bila jina.

Na muwati wenyewe je? Ulipewa jina lake la kitaalamu na Mbelgiji, Émile De Wildeman, mwaka 1925, kwa kutazama tawi lililokatwa Kenya, akauita kwa heshima ya Mmarekani, Edgar Mearns. Mti wa Australia, tawi la Kenya, heshima ya Mmarekani, kalamu ya Mbelgiji! Mwafrika aliyekuwa akiupanda na kuumenya hakutajwa popote.

Sasa tuseme jinsi ulivyokuja, maana haukuja kwa upepo. Mwaka 1864 mlowezi mmoja, John Vanderplank, aliingiza mbegu zake Natal, Afrika Kusini. Hapo kwanza ulikuwa mti wa kivuli na wa kukinga upepo. Katika miaka ya 1880 walowezi wakagundua kwamba gome lake limejaa tanini, dawa ile inayoifanya ngozi mbichi iwe ngozi ya kiatu, ya tandiko na ya mkanda wa mashine. Viwanda vya Ulaya vilikuwa vinaitaka sana dawa hiyo, basi vilima vya Natal vikafunikwa kwa muwati, na magome yakapakiwa melini.

Kenya uliletwa mnamo mwaka 1903. Treni zilitaka kuni, na wenye viwanda walitaka magome. Wakikuyu wakaupokea na kuupanda kwa bidii. Wengine husifu bidii hiyo kama kwamba mkulima alichagua kwa hiari yake kati ya mazao mengi. Hakuchagua. Wakati ule Mwafrika wa nyanda za juu za Kenya alizuiwa kulima kahawa, zao lenye fedha, nayo ikawekwa iwe ya walowezi. Mkulima aliachiwa magome. Tena watu walijifunza upesi kwamba shamba lenye miti lina ushahidi wa mwenyewe, na katika nchi ambamo ardhi ilikuwa ikichukuliwa, mti uliosimama ulikuwa kama shahidi asiyekwenda kulala. Kwa hiyo watu walipanda muwati kwa sababu ya fedha, na kwa sababu ya hofu pia.

Huku kwetu mambo yalianza kwa ukubwa mwaka 1949, pale shirika la Uingereza la kuendeleza makoloni lilipoanzisha mashamba makubwa ya muwati Njombe. Nia ilikuwa ile ile: magome. Kiwanda kikajengwa cha kukamua tanini, na wenyeji nao wakapanda vipande vyao. Shirika hilo halikuja kutafuta kuni za mama wa Njombe wala kuchunguza chemchemi zake. Lilikuja kutafuta dawa ya ngozi. Hatusemi haya kwa chuki, maana yaliyopita yamepita, na mashamba yale yamewapa watu wengi kazi na mishahara. Twasema kwa sababu mti uliochaguliwa kwa faida ya kiwanda hauwezi kutazamiwa kuwa na huruma kwa mto, kama hapana mtu aliyeweka sheria ya kuulazimisha.

Yafaa tuelewe nguvu za mti huu, maana wengi huupiga vita kwa shoka na kiberiti, kisha hushangaa kuuona umerudi mara kumi.

Muwati ni wa jamii ya kunde, kama maharage na njugu. Katika mizizi yake hukaa vijidudu vinavyochukua naitrojeni ya hewani na kuifanya mbolea. Kwa hiyo waweza kumea kwenye udongo uliochoka, pale ambapo mahindi hutoka manjano. Hukua upesi ajabu, na baada ya miaka minane au kumi huwa tayari kukatwa kwa ajili ya gome. Kila mwaka hudondosha mbegu nyingi mno, nyeusi, ndogo, zenye ganda gumu kama kokoto. Hapo ndipo yalipo mambo yote. Ganda hilo halipitishi maji. Mbegu hulala ardhini bila kuoza, na zimejulikana kukaa hai hata miaka 50. Mkulima anayeukata muwati leo, mjukuu wake atakuja kuzing'oa mbegu za mti huo huo.

Ni kitu gani kinacholifungua ganda hilo? Moto. Mabwana miti walijua zamani; anayetaka kuotesha muwati huzimwagia mbegu maji ya moto kwanza. Huko Natal, wenye mashamba walipokwisha kukata miti walichoma matawi yaliyobaki juu ya udongo, na miche ikatoka yenyewe minene kama ulezi uliomwagika. Sasa mtazame mwananchi wetu mwenye hasira, anayekata muwati uliomvamia na kuuchoma moto apate kuumaliza. Ameupigia ngoma. Na mioto ile ya kiangazi inayowashwa ovyo katika majani ya nyanda za juu yafanya kazi hiyo hiyo kila mwaka, bila mtu kulipwa.

Kisha mto hubeba mbegu na kuzipanda ukingoni chini kwa chini. Matingatinga ya barabara hubeba udongo wenye mbegu toka bonde hili hadi bonde la pili. Tumeuona muwati ukishuka na barabara mpya kama abiria.

Huko kwao Australia mti huu hausumbui hivi. Wako wadudu wanaokula maua yake, wako wanaotoboa mbegu zake, na yako maradhi. Ulipoletwa Afrika uliletwa mbegu tupu. Adui zake waliachwa nyumbani. Wala msidhani kwamba hii ni hila ya Waaustralia. Wao nao wamepatikana na msiba wa namna hiyo hiyo. Mgunga wa jamii moja na wa kwetu, ule ule wa jina la Nile, ulipelekwa Queensland mwishoni mwa karne ya 19 uwape kondoo kivuli na chakula. Leo miiba yake imetapakaa katika mamilioni ya hekta za malisho, na wataalamu wa Australia wamefunga safari mpaka Kenya kutafuta wadudu wanaoula. Hapana mti mwovu kwa uzao. Uovu huanza pale mti unapohamishwa na mtu anayetazama faida moja tu na kuyafumbia macho mengine yote.

Sasa tufike kwenye maji, maana hapo ndipo penye shauri zito.

Majani ya milimani hulala wakati wa kiangazi. Hukauka juu, mizizi hupumzika, na maji yaliyomo ardhini huteremka polepole mpaka kwenye chemchemi. Ndiyo sababu mito inayotoka katika nyanda zenye majani haikauki hata mvua ikikatika miezi mitano. Muwati haulali. Una majani mabichi mwaka mzima, na mwaka mzima hunywa. Palipokuwa na majani pakisimama msitu wa muwati, maji ambayo yangalifika mtoni mwezi wa Septemba na Oktoba yanapanda juu kwa shina na kwenda zake hewani. Mvua ni ile ile, mlima ni ule ule, lakini kijito kimekuwa chembamba, na watu wa chini huanza kulaumiana wao kwa wao juu ya mifereji.

Afrika Kusini walikaa na mti huu zaidi ya miaka mia moja kabla ya kufanya hesabu. Katika mwaka 1998 wataalamu wao walikadiria kwamba miti na mimea yote iliyovamia nchi ile hunywa mita za ujazo bilioni 3.3 kila mwaka zaidi ya zile ambazo zingalinywewa na mimea ya asili, yaani karibu asilimia 7 ya maji yote yanayotiririka katika nchi. Hesabu iliyofanywa upya mwaka 2016 ilipunguza kiasi hicho mpaka bilioni 1.44 hivi, nasi twaitaja ili tusije tukaambiwa kwamba tumechagua namba ya kutisha. Lakini katika hesabu hiyo ya pili pia muwati na ndugu zake wa karibu ndio walioongoza kwa kunywa, theluthi moja nzima. Namba ikishuka, mwizi ni yule yule.

Mtoni kwenyewe muwati una dhara jingine. Watu huuona umejipanga ukingoni wakadhani washika udongo. La hasha! Mizizi yake haizami sana. Mafuriko yakija, miti huanguka na kung'oa ukingo mzima, magogo yakaziba chini ya daraja, na maji yakatafuta njia nyingine katika mashamba ya watu. Chini ya miti hiyo hakuna majani ya kushika udongo, kwa sababu kivuli kimeyaua. Nalo Shirika la Kimataifa la kuhifadhi maumbile limeuandika muwati katika orodha yake ya viumbe 100 waharibifu kupita wote wanaovamia nchi zisizo zao.

Hapa ndipo panapozuka makundi mawili ya washauri, na sisi hatukubaliani na lolote.

Kundi la kwanza lasema: ng'oeni wote. Hao, kwa desturi, ni watu wanaopikia gesi. Hawajui kwamba katika vijiji vingi vya nyanda za juu, chakula cha jioni kinapikwa kwa muwati, nyumba imeezekwa kwa nguzo za muwati, na karo ya mtoto imelipwa kwa gunia la mkaa wa muwati. Kila mzigo wa kuni unaotoka katika muwati ni mzigo ambao haukukatwa katika msitu wa asili. Huko Afrika Kusini pia, wataalamu walipokwenda vijijini kuwauliza maskini habari za mti huu, waliona kwamba watu walitaka upunguzwe, hawakutaka umalizwe. Mtu akija na msumeno kuondoa kuni za watu bila kuwapa kuni nyingine, huyo hakuja kulinda mto. Amekuja kupeleka shoka katika msitu wa asili kwa mkono wa mwanamke maskini, na kesho atamshitaki mwanamke huyo kwa kukata msitu.

Kundi la pili ni la hatari zaidi kwa sababu maneno yake ni matamu. Lasema: muwati ni mali, tuutumie tu, utapungua wenyewe. Na kweli ni mali. Gome lake hutoa tanini ya ngozi, na pia gundi ya kubandikia mbao za tabaka. Mti hutoa nguzo, mkaa mzuri, na vipande vya kutengenezea karatasi ambavyo Afrika Kusini huviuza mpaka Japani. Miaka ya 1990 kiwanda cha Njombe kilianza kuchoma taka za miti kuzalisha umeme. Huko Ethiopia, katika wilaya ya Fagita Lekoma, wakulima wamekuwa wakipanda ndugu yake muwati, Acacia decurrens, katika mashamba yaliyochoka kwa uchachu. Baada ya miaka minne au mitano huukata wakachoma mkaa, kisha hurudi kulima nafaka katika udongo uliopumzika. Kazi hiyo ilitia fedha katika nyumba nyingi, mpaka ulipokuja ugonjwa wa kutu ya majani ukaishambulia miti yao. Hayo yote ni kweli, na mwenye bidii asifiwe.

Lakini fikirini jambo hili. Mtu akisha kujenga kiwanda juu ya gugu, atataka gugu hilo liishe? Mfanyabiashara wa mkaa atakata miti mikubwa iliyo karibu na barabara, ataiacha miche, ataliacha bonde la mbali lenye chemchemi, na miaka minne baadaye atarudi. Hajapunguza kitu. Amevuna. Matumizi peke yake hayaondoi mti uliovamia. Huufanya uwe na rafiki.

Majirani zetu wa Kenya wamelipa ada ya somo hili katika mti mwingine, jamaa wa mbali wa muwati, ambao huko wauita mathenge. Ulipandwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia njema kabisa: watu wa nchi kavu wapate kuni, na udongo usipeperuke. Serikali ilishauri, wafadhili wakasaidia, na watu wakapanda. Mti ukatoka shambani ukafunga malisho na njia za kwenda ziwani. Wailchamus wa Baringo walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2006 kuishitaki Serikali, na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda ya mti huo alipelekwa mahakamani awe ushahidi. Baadaye watu walifundishwa kuchoma mkaa wa mathenge na kusaga maganda yake yawe chakula cha mifugo. Vema, fedha zimepatikana. Lakini mathenge ukikatwa huchipua, na bado umesimama Baringo. Yule mbuzi hakurudishiwa meno.

Afrika Kusini wao walishika njia yenye akili zaidi, ingawa ni ndefu. Mwaka 1995, chini ya Waziri Kader Asmal, walianzisha mpango wa kuwaajiri watu wasio na kazi, wanawake wengi kati yao, wakate miti iliyovamia mabonde ya mito. Walihesabu maji kuwa ndiyo faida, na mshahara wa maskini kuwa faida ya pili. Mpango huo haukuimaliza miti. Mahali pengi walikata, wakaondoka, hawakurudi mwaka wa pili, na mbegu zikawacheka. Lakini walithubutu, nasi twaweza kujifunza kwa makosa yao bure.

Tena walileta wadudu kutoka Australia, kwa uangalifu mkubwa. Kwa kuwa wenye mashamba ya muwati walipiga kelele, wataalamu walichagua wale tu wanaoharibu maua na mbegu: fukusi anayetoboa mbegu, na mdudu mdogo anayelifanya ua liwe kivimbe badala ya kuwa ganda la mbegu. Gome halikuguswa, wala mbao. Mwenye shamba abaki na mti wake, jirani asipate mbegu zake. Huo ni uamuzi wa haki kupita mwingi tuliousoma. Na sheria yao ya mwaka 2014 yasema muwati haupandwi ila kwa kibali, na mwenye kibali ndiye anayewajibika usitoke nje ya mpaka wake.

Kwetu je? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za binadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria hiyo yajulikana sana na mwanamke mwenye matuta ya nyanya na mboga bondeni. Yeye amekwisha kuelezwa, ameonywa, na mara nyingine matuta yake yamefyekwa. Twauliza kwa adabu: muwati uliosimama katika mita hizo hizo 60, unaokunywa usiku na mchana kuliko matuta yote ya kijiji, nani ameuonya? Au mita 60 ni za watu wanyonge peke yao?

Basi jembe tunalotaka apewe mgeni huyu ni hili. Muwati uliojiotea wenyewe mabondeni, kwenye chemchemi na katika malisho ya kijiji ukatwe kwanza, na mkaa, nguzo na magome ya nchi yatoke humo kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kufungua shamba jipya la muwati. Anayetaka kibali cha kununua mkaa apewe bonde lake, na asipewe la pili mpaka Serikali ya kijiji ione kwamba lile la kwanza miche yake imeng'olewa, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Shamba kubwa, liwe la kampuni, la Serikali au la mheshimiwa fulani, lilipie kung'oa miche inayoota nje ya mpaka wake, maana mbegu ni mali yake kama gome lilivyo mali yake. Haiwezekani faida iwe ya mwenye shamba na mbegu ziwe za kijiji. Na kabla ya kukata muwati wa mtoni, kila kaya inayotegemea kuni hizo ionyeshwe kipande chake juu, mbali na maji, kwa kupanda miti ya kuni, hata muwati wenyewe ukitunzwa. Hatuoni aibu kusema hivyo. Mahali pake upo.

Wanachama wenzetu wasingoje waraka kutoka makao makuu. Muwati hukatwa chini kabisa, karibu na udongo, na kisiki hubanduliwa gome lote. Ukikatwa juu kwa uvivu mara nyingi huchipua. Wakati wa mvua gome hubanduka vizuri, na udongo ukiwa laini mtoto wa shule aweza kung'oa mche kwa mkono pamoja na mzizi wake. Matawi yasichomwe pale pale bondeni, yabebwe yawe kuni. Palipokwisha kuwa wazi papandwe majani au miti ya asili ya mahali hapo upesi, kabla mbegu hazijajua kwamba bwana wao ameondoka.

Matawi ya chama ya Njombe, Mufindi na Lushoto, na mengine yote yaliyo katika nchi ya muwati, twayaomba yatuandikie kabla ya mvua za masika. Kila tawi litaje mto wake, liseme maji yake yalikuwaje mwaka huu mwezi wa Oktoba kwa kulinganisha na wanavyokumbuka wazee, miti imefika umbali gani toka ukingoni, na shamba lililo juu yake ni la nani. Barua tutazichapa kama zilivyo, pamoja na ukubwa wa shamba na umbali wake toka mtoni. Jina la mwandishi halitatolewa kama hataki.